Mein swichi ya nyumba Zanzibar: kabla hujauliza njia ngapi

"Ami, nipatie mein swichi ya nyumba."

"Njia ngapi, mwanangu?"

"Nne zinatosha. Hiyo ya bei nafuu."

Mazungumzo ya namna hii katika maduka ya vifaa vya umeme ya Darajani na Mwanakwerekwe hayachukui dakika mbili. Boksi linashushwa, linapanguswa vumbi, linalipiwa. Swali la njia ngapi, yaani boksi linabeba breka ngapi, ni la haki, ila si la kwanza. Kwa anayejenga Unguja au Pemba, la kwanza ni kama ndani ya boksi hilo mna kifaa kinachogundua umeme unaovuja, au mna breka tupu, zile swichi ndogo zinazojikata zenyewe mzigo ukizidi. La pili ni nyumba yenyewe imekaa juu ya nini: udongo au jiwe. Jibu la swali la pili ndilo linaloonyesha uzito wa lile la kwanza.

Umeme ukishapita kwenye mita ya Tukuza, ile ya kulipia kabla, unaingia kwenye boksi hilo, kwanza kwenye swichi kubwa inayozima nyumba nzima, kisha unagawiwa kwenye breka ndogondogo: moja ya taa, moja ya soketi, moja ya pampu, na kuendelea. Wengi wetu tunaamini breka imewekwa kulinda friji au televisheni. Sivyo. Breka inalinda waya uliozikwa ukutani, usichemke hadi ukashika moto. Ndiyo maana ukubwa wa breka hauchaguliwi kwa kuangalia kifaa unachotaka kuchomeka. Unachaguliwa kwa kuangalia unene wa waya.

Waya wa shaba wa 2.5, yaani unene wa milimita za mraba 2.5, ukiwa ndani ya paipu iliyozikwa ukutani, hubeba ampea 20 hadi 24 hivi, kutegemea paipu imepita wapi na imebeba nyaya ngapi. Breka yake ni ya 20. Waya wa 1.5 wa taa unatosheka na breka ya 6 au ya 10. Waya wa 4 upewe 25, na wa 6 upewe 32. Fundi akiona breka ya 20 inakata kila jioni akaibadilisha kwa ya 32 bila kugusa waya, hajatibu chochote. Amemwondoa mlinzi aliyekuwa anapiga kelele.

Tena breka haikati papo hapo mzigo unapozidi kidogo. Kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60898, mzigo ukiwa mara 1.13 ya namba iliyoandikwa, breka haitakiwi kukata ndani ya saa nzima. Ukifika mara 1.45, ni lazima ikate kabla saa hiyo haijaisha. Kwa breka ya 20 maana yake ni kuwa waya unaweza kubebeshwa karibu ampea 29 kwa muda mrefu kabla breka haijafanya lolote. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini waya mwembamba kuliko ulioandikwa kwenye roli ni hatari kuliko breka mbovu. Upimo huo pia umefanywa kwenye joto la nyuzi 30. Msimu wa kaskazi, boksi likiwa kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri, ndani mna joto zaidi ya hapo na breka hukata mapema kidogo. Usiilaumu, lisogeze boksi.

Kuna desturi tuliyorithi kwa Waingereza pamoja na plagi za pini tatu zenye fyuzi ndani: soketi za nyumba kufungwa kwa mzunguko. Waya wa 2.5 unatoka kwenye breka ya 32, unapita soketi zote, kisha unarudi kwenye breka ileile, hivyo umeme unakuwa na njia mbili za kuifikia kila soketi. Mpango huo ni salama ukikamilika. Tatizo ni pale fundi anapofika soketi ya mwisho, akaona kurudi kunamaliza waya, akaishia hapo na breka ya 32 akaiacha vilevile. Ukihamia nyumba ya zamani, mwombe fundi akufungulie boksi. Chini ya breka ya 32 ya soketi zitoke nyaya mbili za fezi, yaani zinazoleta umeme. Ikitoka moja tu, na ni ya 2.5, breka hiyo ishushwe iwe ya 20.

Breka yenyewe isome usoni kabla hujaitia mfukoni. Utaona herufi na namba, tuseme C20. Namba ni ampea. Herufi inaeleza breka inavumilia kiasi gani ule mshtuko wa mara moja kifaa kinapowashwa: B hukata papo hapo mshtuko ukiwa kati ya mara 3 na 5 ya namba yake, C kati ya mara 5 na 10, na D kati ya 10 na 20. Taa na soketi zinatosheka na B. Pampu ya kisima, friza na kiyoyozi huvuta kwa nguvu zinapoanza, basi zipe C. D haina kazi nyumbani. Karibu na hapo pana kijisanduku kilichochorwa chenye namba kama 3000, 4500 au 6000. Hizo ni ampea za shoti ambazo breka inaweza kuzikata bila kupasuka. Mimi sinunui chini ya 6000, hasa kwa nyumba iliyo karibu na transfoma ya mtaa. Kama uso wa breka hauna kijisanduku hicho wala namba ya kiwango, irudishe kabatini hata kama muuzaji ni ndugu yako.

Sasa tuje kwenye kuvuja.

Breka inaona mzigo mkubwa na shoti, basi. Haioni umeme unaotoka kwenye waya uliochubuka ndani ya mashine ya kufulia na kukaa kwenye bati lake ukingoja mkono wa mtu. Kifaa kinachouona huo kimeandikwa RCCB au RCD. Kina upana wa breka mbili na kibonyezo kidogo chenye herufi T. Ndani yake mna pete ya chuma ambayo waya wa fezi na waya wa nyutro, ule unaourudisha umeme, zote zinapita katikati yake. Inafanya kazi kama karani wa bandarini anayehesabu magunia yaliyotoka na yaliyorudi: hesabu zikilingana, anakaa kimya. Zikipishana, maana yake kuna umeme uliopita njia nyingine, pengine kwenye mwili wa mtoto aliyeshika friji bila viatu, na kifaa kinazima papo hapo.

Kwa nyumba, namba ya kutafuta ni 30 mA, yaani sehemu 30 za ampea moja iliyogawiwa elfu. Umeme ukivuja kiasi hicho, kifaa kinatakiwa kizime ndani ya sekunde 0.3, ukivuja mara tano yake, ndani ya sekunde 0.04. Utarushwa na utashtuka, lakini moyo hautapata muda wa kuvurugika. Zipo za 100 na 300 mA, nazo ni za kuzuia moto. Hizo hazimwokoi mtu, na dukani zimepangwa rafu moja na hizi kwa sura ileile, kwa hiyo soma. Kama wimbi lililochorwa usoni lina vijinundu chini yake, hiyo ni aina A, na inafaa zaidi kwa viyoyozi vya inveta na mashine za kufulia za siku hizi. Yenye wimbi peke yake ni aina AC, ya kawaida. Ukiipata A, chukua A. Ila ujue mpaka wake: mtu akishika fezi kwa mkono mmoja na nyutro kwa mkono wa pili, hesabu zinalingana, na kifaa hakitamtambua.

Kwa nini naling'ang'ania hili kuliko njia ngapi? Kwa sababu ya jiwe. Upande wa magharibi wa Unguja na sehemu kubwa ya Pemba kuna udongo wa kina. Fimbo ya erthi, inayopeleka ardhini umeme unaovuja, ikiwa ya mita moja na nusu inazama kwa nyundo na kukaa kwenye unyevu. Nenda Makunduchi, Jambiani, Paje, au popote penye maweni. Udongo ni kiganja kimoja, chini yake ni jiwe la matumbawe. Fundi anapiga fimbo, inapinda, anaikata na kuficha kipande kilichobaki chini ya zege. Kwa macho, nyumba ina erthi.

Piga hesabu. Chukulia erthi hiyo ina ukinzani wa omu 100, na juu ya jiwe kavu inaweza kuzidi hapo. Fezi ikigusa bati la mashine ya kufulia, umeme utakaokimbilia ardhini ni volti 230 gawanya kwa 100, yaani ampea 2.3. Breka ya 20 haitahisi kitu. Hata breka ndogo ya taa, ya ampea 6, haitahisi. Bati litabaki na umeme usiku kucha, na mama akienda kuanua nguo alfajiri akiwa peku, yeye ndiye erthi nzuri kuliko ile fimbo. Weka RCCB ya 30 mA mbele ya nyaya hizohizo. Ampea 2.3 ni zaidi ya mara sabini ya inachokisubiri, na inazima kabla mtu hajaigusa mashine.

Hiyo haina maana kwamba erthi sasa si kitu. Bila erthi kabisa, kifaa kinangoja mpaka mtu aguse ndipo kizime. Ushauri wa kawaida ni ukinzani usizidi omu 200, na upimwe wakati wa jua kali, si katikati ya masika ambapo kila fimbo inaonekana nzuri. Penye jiwe, tafuta ufa au shimo lenye unyevu, ongeza fimbo ya pili umbali usiopungua urefu wa ile ya kwanza, na uziunganishe. Ile dawa ya kumwaga chumvi inafanya kazi hadi mvua iisombe, na kabla ya hapo inakula shaba. Bomba la maji nalo halitegemewi tena, maana mabomba yetu mengi sasa ni ya plastiki.

Hapa ndipo lawama zinapoanza. RCCB imefungwa, siku ya tatu inazima ovyo, familia inakaa gizani, na fundi anaitwa. Kwa fundi mvivu dawa ni moja: anaipita kwa kipande cha waya, taa zinawaka, anashukuriwa kwa soda. Mara nyingi kosa lilikuwa lake. Boksi lenye RCCB mbili lina vipande viwili vya kufungia nyutro, kimoja kwa kila upande. Nyutro ya taa ya ngazini ikichanganywa na ya upande wa pili, hesabu hazitalingana kamwe. Sababu nyingine ni nyaya zenyewe. Kwenye nyumba za Mji Mkongwe, kuta za mawe na chokaa hunyonya maji ya mvua pamoja na chumvi, na nyaya za zamani zilizovishwa mpira unaomeguka zinavuja kidogo kila mahali. Ukibandua zile fyuzi za kauri ukaweka boksi jipya juu ya nyaya hizo, masika ya kwanza itazima kila siku. Boksi halina kosa. Linakwambia jambo ambalo fyuzi za kauri zilikuwa zinalinyamazia, na bajeti yako ilipaswa kuanza na nyaya.

Njia ngapi, basi? Tuchukue nyumba ya vyumba vitatu Fuoni. Taa za ndani, breka ya 6. Taa za nje na uani, 6. Soketi za vyumbani 20, za ukumbini 20, za jikoni 20. Friza peke yake 16, pampu 16, kiyoyozi cha chumba kimoja 20. Shawa ya umeme ya kilowati 5 inavuta karibu ampea 22, kwa hiyo waya wa 6 na breka ya 32. Hizo ni breka tisa. Jumlisha namba zake utapata 156, na hapo watu huingiwa na hofu, kwa kuwa mita ya fezi moja yenye ukomo wa ampea 60 inatoa wati 13,800 tu. Hakuna cha kuhofia. Jumla ya breka si mzigo wa nyumba. Hakuna anayepiga pasi, kuoga maji ya moto, kuchemsha birika na kujaza tangi kwa dakika moja. Kinachotakiwa ni swichi kubwa na RCCB zisiwe ndogo kuliko kinga iliyo kabla yao. Kwa mita hiyo, chukua za 63.

Mtego uko kwenye neno njia lenyewe. Maboksi mengine huhesabu njia baada ya swichi kubwa, mengine huhesabu nafasi zote za reli, kile chuma cha ndani ambacho breka hupachikwa. Breka moja hula milimita 18 hivi. Swichi kubwa inakula nafasi mbili, RCCB mbili zinakula nne. Ukinunua boksi la nafasi 12, umebakiwa na breka sita tu. Nyumba yetu ya Fuoni inataka nafasi 15, kwa hiyo nunua la 18. Banda la uani litajengwa, na kiyoyozi cha pili kitakuja.

RCCB ziwe mbili kwa sababu ya kitoweo. Pampu na shawa ndivyo vinavyoongoza kwa kuvuja, kwa sababu vinakaa na maji. Vikiwa upande mmoja na friza, siku pampu itakapopata hitilafu mmesafiri kwenda Pemba kwa sikukuu, samaki wa wiki mbili wataozea humo. Weka friza na taa upande mmoja, vya maji upande wa pili. Mwenye uwezo anunue zile breka zilizounganishwa na kifaa cha kuvuja ndani yake, zimeandikwa RCBO, kila njia inajilinda yenyewe. Ni nzuri, na bei yake inauma.

Boksi la chuma au la plastiki? Uingereza tangu Januari 2016 maboksi mapya ya nyumbani yanatakiwa yawe ya kitu kisichoungua, na kwa kawaida huwa chuma, baada ya mioto iliyotokana na skrubu zilizolegea. Kwetu hoja hiyo inagongana na chumvi. Chuma kilichopakwa rangi vizuri, ndani ya nyumba, mbali na pwani, sawa. Nyumba iliyo hatua chache na bahari Nungwi au Mkoani, chuma cha bei rahisi kitachanua kutu karibu na matundu ya skrubu. Hapo napendelea plastiki nzito isiyoendeleza moto, na kila mwaka fundi azime umeme na kukaza skrubu zote upya. Kama linakaa nje au uani penye manyunyu, tafuta alama IP65, ya boksi lisiloingiza vumbi wala manyunyu. Na matundu yote yasiyotumika yafungwe kwa vizibo vyake. Mjusi anapenda joto la boksi. Akipita kati ya basiba, ule upau unaogawia breka umeme, na nyutro anakufa, na mara nyingine breka inakufa naye. Vilevile usichanganye breka za kampuni mbili kwenye basiba moja, hata kama zinaingia. Meno hayakai sawasawa, na penye mguso dhaifu ndipo panapoungua.

Anayekumbuka giza la mwaka 2008, na lile refu zaidi la kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, anajua kwa nini jenereta ziliingia hadi vichochoroni. Waya wa baharini kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba ulikuwa mmoja, na ulipopata hitilafu kisiwa kizima kilizima. Waya wa pili, wa megawati 100, ulikamilika 2013, na Pemba ilipata wake kutoka Tanga mwaka 2010. Jenereta zimebaki, na sola zimeongezeka. Kama unayo yoyote, boksi lako linahitaji chenjova yenye nafasi tatu, umeme wa shirika, sifuri na jenereta, inayokata fezi na nyutro kwa pamoja. Kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukumbini kwa waya wenye plagi pande mbili ni kurudisha umeme kwenye nguzo ambayo fundi wa shirika ameipanda akijua imekufa.

Fezi tatu ni kwa mwenye nyumba ya wageni au karakana. Kwa familia haina haja, na nyutro ikikatika volti za upande mmoja zinaweza kupanda hadi kuunguza kila kitu.

Bado kuna umeme unaopanda na kushuka. RCCB na breka hazijali volti. Kwa hilo kuna kinga ya volti inayokaa relini: unaichagulia kiwango cha chini na cha juu, inakata ikivuka, kisha inangoja dakika kadhaa kabla ya kurudisha ili mota ya friji isianze kwa shida. Kuna pia kinga ya radi na mawimbi ya ghafla, ambayo nayo inategemea ile erthi tuliyoizungumza.

Fedha ikipungua, na kwenye ujenzi hupungua kila mara, kinga ya volti na ya radi zinaweza kungoja mwakani, kwa sharti nafasi zake zimeachwa relini. Jina la kampuni maarufu linaweza kuachwa, alimradi namba za kiwango zipo. Hata RCCB ya pili inaweza kungoja kwa dharura. Ya kwanza haingoji, na boksi lisiondoke dukani bila hiyo. Likishafungwa, mwombe fundi aandike kila breka kwa kalamu isiyofutika, kisha ubonyeze herufi T mbele yake. Isipozima, asilipwe bado. Kibonyezo hicho kinapima kifaa peke yake, hakipimi erthi, kwa hiyo baada ya hapo mwambie alete kipimo chake mkaone fimbo inasoma omu ngapi.